Upande wa Kusini wa Barabara ya Cutler

Kila siku ya shule Odessa Pruitt aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla simu ya mama yake haijalia kuwaamsha. Aliosha uso, akavaa, akasimama jikoni akila mkate uliopakwa siagi ya karanga huku akitazama barabara kupitia dirishani. Ng'ambo ya barabara, katika jengo la matofali linalofanana na lao, dirisha la Tierra lilikuwa bado giza. Tierra alikuwa na haki ya kulala hadi saa moja. Yeye hakupanda basi.

"Umekula?" mama yake aliuliza akifunga vifungo vya sare yake. Lorraine, mama yake, alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na zamu yake ilianza mapema kama shule ya Odessa.

"Nakula."

"Hicho si kula, ni kutafuna. Chukua na ndizi."

Mwaka uliotangulia Odessa na Tierra walikuwa wakienda pamoja kwa miguu hadi shule ya Denby, mwendo wa dakika kumi. Kisha bodi ya shule za wilaya ikapanga mipaka upya. Denby ilikuwa imefurika hadi watoto wakasomea katika vyumba vya muda uani, na karibu wote walikuwa Weusi au Walatino wa kipato cha chini. Briarfield, maili sita upande wa kusini, ilikuwa na madarasa matupu, na karibu watoto wake wote walikuwa Wazungu kutoka nyumba kubwa zenye nyasi mbele. Wajumbe saba wa bodi wakakaa na ramani, wakasogeza mstari. Mstari mpya ulipita katikati ya Barabara ya Cutler. Magorofa ya kaskazini yakabaki Denby. Ya kusini yakaenda Briarfield.

Dirisha la Tierra lilitazama kusini na la Odessa kaskazini. Lakini sasa walikuwa watoto wa shule mbili.

Mwezi wa kwanza walipigiana simu kila jioni, Odessa akitumia simu ya mama yake. Mwezi wa pili ikawa Jumapili tu. Mwezi wa tatu Tierra akasema, "Dess, sina nafasi wiki hii, nina mazoezi ya ngoma na kina Brielle." Odessa hakumjua Brielle. Alisubiri wiki ile ipite, na nyingine, kisha akaacha kusubiri.

Huko Briarfield hakuna aliyempiga wala kumtukana. Hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liwe gumu kueleza. Mama alipouliza, "Wanakusumbua?" jibu lilikuwa hapana. Walimpita tu, kama watu wanavyopita kabati la ukutani. Katika darasa la hisabati alikuwa mtoto Mweusi peke yake, na mwalimu alimwita Janelle mara tatu, ilhali Janelle, msichana mwingine Mweusi, alikuwa wa darasa la nane, mrefu kama mlingoti, na amevaa miwani. Wakati wa kugawana makundi watoto walitazamana kwa macho, makundi yakawa yamekwisha kabla Odessa hajainua kichwa.

Katika ukumbi wa chakula watoto wa basi namba kumi na nne, wote kutoka magorofa ya Cutler, walikaa meza moja karibu na mapipa ya taka. Walikuwa kumi. Mmoja wao, Xiomara Argueta, alisoma darasa moja na Odessa, na familia yake ilikaa jengo la nyuma yao. Siku ya kwanza Xiomara alimsogezea kiti kwa mguu. "Kaa hapa. Harufu ya mapipa utaizoea, mimi sasa naiona kama manukato."

Odessa alitabasamu akasema anakwenda maktaba. Akaenda kweli, akala mkate wake kwa siri nyuma ya rafu za kamusi. Alijiambia kwamba akikaa meza ile mara moja tu, ataitwa mtoto wa basi mpaka amalize shule. Kwa hiyo alikula peke yake Septemba yote.

Oktoba, katika somo la sayansi, mwalimu mwenyewe ndiye aliyepanga wawili wawili, na Odessa akapangwa na Greta Lindqvist. Greta alikuwa na madoadoa puani, na alipocheka hewa ilimtoka puani kama farasi. Walipewa kigari kidogo na ubao wa kuinamisha, wapime kinavyoteremka. Kigari kilianguka mezani mara nne. Mara ya nne Greta alicheka hadi akaketi sakafuni, na Odessa akajikuta naye anacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini ndani ya jengo lile.

"Wewe unakaa wapi?" Greta aliuliza akiokota kigari.

Lilikuwa swali la kawaida. Odessa alifungua mdomo, na jina lililotoka ni lile aliloliona kila asubuhi kwenye nguzo, basi linapokata kona kuingia shuleni.

"Mtaa wa Heron."

"Kweli? Sisi tuko nyuma yake tu. Heron ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

"Kule kwenye nyumba yenye mlango mwekundu?"

"Karibu na hapo," alisema Odessa. Akainamisha ubao upya ili asitazamwe usoni.

Uongo ule ulihitaji kulishwa kila siku. Greta aliporudi nyumbani kwa miguu alitaka kuongozana naye, kwani si majirani? Kwa hiyo kila alasiri Odessa alitoka naye kwa lango la mbele, wakatembea wakipiga soga hadi kona ya Heron. Pale Odessa alisema amekumbuka kitu, au anataka kufunga kamba za viatu, au anapitia kwa fulani. Greta akipotea machoni, yeye alikimbia kuzunguka uwanja wa michezo wote na kuingia kwa lango la nyuma, mahali mabasi ya mbali yalipoegeshwa. Alifika basini akihema, wenzake wote wameshaketi.

Dereva, Bwana Lucius Tate, mzee Mweusi mwenye kofia ya sufu aliyoifuma mkewe, alimngoja kila siku. "Bi Odessa," alisema akifungua mlango, "leo umetokea mwezini au kwenye nyota?"

"Samahani, Bwana Tate. Nilichelewa kwenye kabati langu la vitabu."

"Kabati lenyewe litakuwa Kanada."

Watoto walicheka. Xiomara hakucheka. Siku moja alimgeukia Odessa kutoka kiti cha mbele. "Nakuona kila siku kupitia dirishani, unavyokimbia kule uwanjani. Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu."

"Basi unamficha nani?" Xiomara alimtazama kidogo. "Au unatuficha sisi?"

Odessa aligeukia dirisha. Kuanzia siku ile Xiomara hakumsogezea kiti tena.

Novemba vibao vilianza kuota kwenye nyasi za nyumba za Briarfield: RUDISHENI MIPAKA YETU. Mama yake Greta alikuwa mmoja wa waliozungusha karatasi za kukusanya saini ili bodi ipige kura upya wakati wa majira ya kuchipua. Greta alilitaja jambo lile wakitembea, bila uzito, kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

"Mama anasema tunawahurumia wale watoto wa basi. Wanaamka usiku, wanachoka bure. Wangekuwa na raha zaidi kwao." Kisha akacheka. "Na umeiona ile meza yao? Kama wako kwenye kituo cha treni."

Odessa angeweza kusema neno. Lakini alicheka naye, kicheko kifupi, na jioni hiyo alipokimbia kuzunguka uwanja miguu yake ilikuwa mizito kuliko siku zote. Nyumbani alisema kichwa kinamuuma, akalala bila kula makaroni na jibini aliyoachiwa.

Mwezi wa Januari, siku ya Jumanne, theluji ilianza kuanguka asubuhi katikati ya vipindi. Saa sita kasoro robo mchana mwalimu mkuu alitangaza kwamba shule inafungwa saa sita. Korido zikajaa watoto na makoti. Mlangoni mwalimu alisimama na karatasi mbili, moja ya wanaopanda mabasi na nyingine ya waendao kwa miguu, akimuuliza kila mtoto anavyokwenda nyumbani.

Greta alikuwa amesimama karibu na Odessa, bega kwa bega.

"Odessa, unakwendaje?" aliuliza mwalimu.

"Kwa miguu," alisema Odessa.

Alidhani atafanya kama siku zote, hadi kona ya Heron kisha kukimbia kuzunguka. Lakini walipotoka nje, gari jekundu lilikuwa limesimama mbele ya lango, na mama yake Greta akishusha kioo.

"Ingieni upesi, wasichana. Odessa, wewe ndiye jirani yetu, sivyo? Panda, nitakushusha mlangoni."

"Asante, Bi Lindqvist, ninaweza kutembea."

"Kwenye theluji hii? Mama yako angenionaje?"

Hakuna njia ya kukataa iliyobaki isipokuwa ukweli. Odessa alipanda. Joto la gari lilimpiga usoni, na redio ilikuwa ikisoma orodha ya shule zilizofungwa. Alipotazama nyuma aliona, ng'ambo ya uwanja, taa za njano za mabasi zikiwaka na kuzima.

"Nyumba ipi, mpenzi?" aliuliza Bi Lindqvist walipoingia Mtaa wa Heron.

Ilikuwapo nyumba moja tu mtaani ambayo Odessa aliijua kwa lolote. "Ile yenye mlango mwekundu."

Akashuka. Akasema asante. Akatembea juu ya theluji isiyokanyagwa, akipita kibao cha RUDISHENI MIPAKA YETU kilichosimama uani, akapanda ngazi tatu za kibaraza. Alitumaini kusikia gari likiondoka. Halikuondoka. Bi Lindqvist alikuwa mtu mwenye adabu, na watu wenye adabu hawaondoki kabla mtoto hajaingia ndani. Greta alimpungia mkono kupitia kioo.

Odessa alijifanya kutafuta ufunguo kwenye begi. Alitafuta mfuko wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Theluji ilimwingia shingoni. Mwisho, kwa kuwa hakuna jingine la kufanya, alibonyeza kengele.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mzee Mzungu, mfupi, mwenye sweta ya kijani na uso wa mtu asiyependa kukatizwa.

"Ndiyo?"

"Bibi," Odessa alinong'ona, "nakuomba uniache niingie. Kidogo tu. Wale kwenye gari wanadhani nakaa hapa."

Yule bibi alitazama gari. Akamtazama Odessa kutoka kofia hadi viatu. Ilipita dakika nzima, au ndivyo Odessa alivyoona. Kisha akasogea pembeni, na Odessa akaingia. Nyuma yake alisikia gari likiondoka taratibu.

"Mimi huwa sisaidii watu kudanganya," alisema bibi akifunga mlango. Jina lake lilikuwa Bi Kowalczyk. "Nimekufungulia kwa sababu ya baridi. Unakaa wapi hasa?"

"Barabara ya Cutler. Kwenye magorofa."

"Upande wa kusini."

"Ndiyo, bibi."

Bi Kowalczyk aligeuka kutazama nje. Kupitia dirisha la sebule wote wawili waliweza kukiona kile kibao chake, kikianza kufunikwa na theluji. "Kwa hiyo wewe ni mmoja wa wale watoto," alisema. Odessa aliitikia kwa kichwa. Bibi alishusha pumzi. "Vua soksi. Zimelowa. Na unipe namba ya mama yako."

Alizianika soksi juu ya bomba la joto, akapasha supu ya viazi, akamwekea mezani bila maneno mengi. Odessa alikula akiwa miguu mitupu katika nyumba ya mtu asiyemjua, saa ya ukutani ikigonga, na bibi akisoma gazeti upande wa pili wa meza. Hakuwahi kuwa mpweke namna ile. Hakuna hata mtu mmoja duniani, aliwaza, aliyejua mahali alipo isipokuwa mwanamke anayetaka aondolewe shuleni.

Mama yake alishindwa kuondoka kazini kabla hajapata wa kumpokea zamu. Alifika karibu saa kumi na moja jioni, ameshushwa na mwenzake chini ya mteremko wa Mtaa wa Heron na kupanda kwa miguu. Sare yake ilikuwa imelowa theluji hadi magotini. Alisimama kibarazani akasoma kibao kile, kisha akamgeukia Bi Kowalczyk aliyeshika mlango.

"Asante kwa kumpa mwanangu chakula," alisema.

"Ni mtoto mwenye adabu," alisema Bi Kowalczyk. Alimkabidhi Odessa kofia yake. "Muwe waangalifu kwenye mteremko."

Njiani kurudi kwenye gari la mwenzake, lililowangoja chini, mama hakupiga kelele. Aliuliza maswali mafupi, na Odessa akajibu yote, kuanzia kigari cha sayansi hadi mlango mwekundu. Mwisho mama alisema, "Shule walinipigia simu kazini saa sita na robo. Waliniuliza kama uko nyumbani, kwa sababu dereva wako amekataa kuondoka bila wewe. Nilisimama pale, Odessa, na chakula cha mzee wa watu mkononi, na sikujua mwanangu yuko wapi." Alijipangusa theluji usoni. "Nusu saa nzima sikujua, mpaka yule bibi alipopiga."

Odessa alilia, machozi yakimpoa mashavuni kabla hayajafika kidevuni.

Shule ilifungwa siku mbili. Ijumaa basi lilipofika, Odessa alisimama kwenye ngazi ya kwanza na hakuendelea.

"Bwana Tate, nilikudanganya. Sikuwa ninachelewa kwenye kabati. Nilikuwa nazunguka uwanja ili mtu asijue napanda basi hili. Na Jumanne nilipanda gari la mtu. Nisamehe."

Bwana Tate alizima redio. Hakufanya mzaha. "Nilikungoja dakika arobaini, binti. Niliingia uwanjani na viatu hivi, nikaita jina lako mpaka sauti ikakauka. Nilisema, mtoto yule hutokea kule kila siku, pengine ameanguka kwenye theluji. Walipokuja kuniambia umeandikwa kwenye karatasi ya waendao kwa miguu, kilima cha Cutler kilikuwa kimeshaganda. Lori limelala katikati ya njia. Tumekaa pale hadi jioni, mimi na watoto kumi." Alivuta pumzi. "Nimekusamehe. Kakae."

Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Alikaa peke yake, kiti cha nyuma ya dereva.

Wakati wa chakula hakwenda maktaba. Alibeba sinia yake hadi meza iliyo karibu na mapipa. Mazungumzo yalikatika.

"Umepotea njia?" aliuliza Xiomara. "Kamusi ziko kule."

"Nimekuja kuomba radhi. Kwa Jumanne."

Xiomara alisimama, akamvuta mkono hadi ukutani ambapo wengine hawakuweza kusikia. Macho yake yalikuwa yamejaa hasira. "Unataka kujua Jumanne ilikuwaje? Mdogo wangu Nelson alibanwa na haja. Ana miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumekwama kilimani, theluji mpaka kwenye milango, dereva hawezi kumteremsha mtoto barabarani. Alijizuia saa mbili, Odessa. Kisha akashindwa. Alikaa amelowa, analia huku amefunika uso, mpaka tukafika."

Odessa alimtafuta Nelson mezani kwa macho.

"Wote tumeapa hatutalisema," Xiomara aliendelea. "Hata yule Darnell ambaye hawezi kunyamaza kanisani, amenyamaza. Na mimi ndiye niliyemwambia dereva asiondoke. Nilimwambia, mngoje, huwa anatokea kule. Nilikutetea. Wewe ambaye huwezi hata kukaa na sisi meza moja."

Akarudi mezani. Odessa alibaki ukutani na sinia mkononi, chakula kikipoa.

Alimkuta Nelson jioni ile akipanda basi. Alitaka kumwambia mengi, lakini alijua akisema anajua, angemvunjia mtoto yule kiapo ambacho wenzake walikula kwa kumpenda. Akasema tu, "Nelson, niliwachelewesha Jumanne. Ni kosa langu. Samahani."

Nelson alimtazama kwa mashaka, kisha akainua mabega. "Usirudie. Bwana Tate aliimba nyimbo za kanisa saa nne mfululizo. Sauti anayo moja tu."

"Nimesikia hayo," alisema Bwana Tate.

Jambo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Jumatatu, katika sayansi, Odessa alimwambia Greta ukweli kabla hawajafungua daftari. Alisema haraka, macho yake mezani. Aliposema kuhusu nyumba yenye mlango mwekundu, Greta aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo Mama alikushusha kwa mtu usiyemjua. Nami nikakupungia mkono."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

"Uliniuliza ninakaa wapi na nilitaka uendelee kucheka na mimi. Halafu ukasema watoto wa basi wangekuwa na raha kwao."

"Sikusema mimi. Mama ndiye aliyesema."

"Ulisema ukicheka, Greta. Nami nikacheka pamoja nawe. Wote wawili tulicheka."

Greta alibadilika rangi, akawa mwekundu hadi shingoni. "Miezi mitatu," alisema. "Nilikuwa nikiongea na nani?" Siku iliyofuata Greta aliomba kubadilishiwa mwenza.

Wiki zilizofuata zilikuwa baridi nje na ndani. Odessa alipanda basi, akakaa kiti cha nyuma ya dereva. Wakati wa chakula alikaa mwisho kabisa wa meza ya karibu na mapipa, viti viwili mbali na yeyote, na hakuna aliyemfukuza wala kumsemesha. Lakini kila siku alikwenda. Nelson ndiye aliyeanza, alipotaka kusaidiwa sehemu za hisabati zilizomshinda. Kisha Darnell, aliyetaka nusu ya biskuti yake. Siku moja mwanzoni mwa Februari Xiomara aliweka karata mezani, akagawa, na fungu moja akalitupa mbele ya Odessa bila kumtazama.

"Unajua kucheza?"

"Kidogo."

"Vizuri. Napenda kushinda."

Siku ya mvua mwishoni mwa mwezi ule Greta alisimama mbele ya meza na sinia yake. Alionekana kama mtu aliyefanya mazoezi ya maneno akayasahau yote. "Kuna nafasi?" aliuliza. Watoto kumi wakamtazama, na Odessa akaitambua hofu usoni mwake kwa sababu alikuwa ameivaa yeye mwenyewe miezi yote ile. Alisogeza begi lake. Greta akaketi. Hawakucheka siku ile kama zamani, na Greta hakuja kila siku. Alikuja Jumatano, kisha Ijumaa.

Mwezi wa Machi bodi ilikutana alasiri moja katika ukumbi wa wilaya kupiga kura kuhusu mipaka. Mama alikuwa na siku ya mapumziko, akamchukua Odessa. Watu walisema kwa zamu, wengine kwa upole na wengine kwa ukali. Bi Lindqvist alisoma karatasi yake hadi mwisho. Baba yake Xiomara alisema kwa Kihispania na binti yake akatafsiri, akasitasita mara moja tu. Wajumbe wanne walitaka mstari ubaki, watatu wakataka urudishwe. Mstari ukabaki.

Nje, kwenye maegesho, Bi Lindqvist aliwapita akaitikia kwa kichwa, uso umekaza. Greta aliinua mkono. Odessa akainua wake.

"Mama," alisema walipokuwa wakisubiri basi la mjini, "wangeurudisha, ningekuwa na Tierra tena."

"Ungekuwa naye. Umemkosa sana, najua." Mama alimfunga kitambaa shingoni vizuri. "Nisikilize, mwanangu. Mstari ule wa barabarani ulichorwa na watu wazima, na aibu uliyoiona kwa sababu ya mahali unapolala, watu wazima ndio waliokuonyesha, kwa vibao vyao. Hilo sikulaumu. Lakini ulipodanganya, ulijichorea mstari wako peke yako, na ukasimama upande ambao hapakuwa na mtu mwingine. Greta alimpenda msichana wa Mtaa wa Heron, na msichana huyo hayupo. Kina Xiomara walikutaka wewe wa Cutler, na wewe ukawakimbia kila siku. Mtu akidanganya ili apendwe, hata akipendwa haoni joto lake, kwa sababu anayependwa si yeye. Ukweli unaweza kukufukuzia mtu. Lakini atakayebaki, amebaki kwako."

Odessa alichungulia barabarani. Basi lilionekana mbali, taa zake zikilowa kwenye ukungu.

"Inachukua muda mrefu kumpata wa kubaki," alisema.

"Inachukua," alisema mama yake, akamshika mkono wapande.